Nani atatoka nyumbani 2027?

Huku Likoni kila mtu ni mchambuzi wa siasa. Nina kibanda cha M-Pesa karibu na feri, na siku hizi mtu hatoi hata mia tano bila kunieleza nani ataapishwa kuwa rais wa Kenya baada ya uchaguzi wa Agosti 10, 2027. Wengi hupiga hesabu ya makabila. Mlima Kenya uko na Gachagua, aliyekuwa naibu wa rais, Ukambani na Kalonzo wa upinzani, Nyanza itafuata ODM, chama cha marehemu Raila Odinga, itakakoelekea. Jumlisha, toa, rais ni huyo. Mimi hesabu hiyo naisikia tangu utotoni. Tobo lake ni moja: inadhani watu watapiga kura.

Mombasa hatupigi. Mwaka 2022 waliojiandikisha kaunti hii walipita 640,000, na hawakufika nusu waliojitokeza. Tulishika mkia nchi nzima. Ni kweli kura ya gavana iliahirishwa hadi Agosti 29 kwa sababu ya kasoro kwenye karatasi, na hilo liliwavunja watu moyo. Lakini tusijifiche hapo, uzembe wetu ni wa zamani.

Siku ile ya kura 2022 nilikuwa ajenti wa mgombea mmoja wa udiwani, nimekaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yamegusa kidevu. Asubuhi foleni ilikuwa nzuri. Alikuja mzee mvuvi, vidole vimelika kwa kamba za nyavu, mashine ya alama za vidole ikamkataa kidole baada ya kidole. Karani akamtafuta kwa nambari ya kitambulisho, akapatikana, akapiga kura yake akaenda zake huku akiitukana ile mashine. Kufika alasiri, makarani wanapiga miayo na daftari limejaa majina ya watu ninaowajua, nikiinuka dirishani nawaona wamekaa maskani wanacheza bao.

Usiku tulihesabu, tukatia sahihi Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, ikapigwa picha na kutumwa, nakala ikabandikwa mlangoni. Nilipoifungua kwenye mtandao wa tume ya uchaguzi, tarakimu zilikuwa zile zile. Hilo nalisema kwa sababu nimechoka na wanaodai kila kitu huibwa. Yaliyotokea Nairobi, makamishna wanne kati ya saba wa tume kuyakana matokeo ya urais, hayo ni mengine, na Mahakama ya Juu iliyamaliza Septemba 5.

Sasa tazama hesabu hii. Rais Ruto alipata kura 7,176,141 mwaka 2022, sawa na 50.49%. Ziada yake juu ya nusu ilikuwa takriban kura 70,000. Watu wa Mombasa peke yao waliobaki nyumbani ni zaidi ya mara nne ya hizo. Sisemi wangebadilisha matokeo, maana wengine wangempa yeye yeye. Nasema mchambuzi anayeruka kundi kubwa kiasi hicho anabahatisha.

Safari hii kuna mambo mawili mapya. La kwanza ni kwamba Baba hayupo. Raila alifariki Oktoba 2025, na Pwani hii alikuwa na watu ambao hawakuwa wa ODM wala wa mtu mwingine, walikuwa wake. Wanasiasa wanadhani kura hizo zinarithiwa kama shamba. Joho, gavana wetu wa zamani, yuko kwenye baraza la mawaziri tangu Ruto alipounda serikali jumuishi na watu wa ODM 2024, Oburu, kakake Raila, ameshika chama, na wote wanaongea kana kwamba wafuasi wameshapakiwa kwenye gari. Wazee ninaowasikia mimi hawajapanda gari la mtu. Wengi watabaki kitandani siku hiyo, ndivyo ninavyoona.

La pili ni vijana. Aliyezaliwa mapema 2009 atakuwa ametimiza miaka kumi na minane. Hawa ndio waliowatazama dada na kaka zao wakivamia Bunge kwenye maandamano ya Juni 25, 2024. Hasira wanayo. Kitambulisho ndicho hawana. Naliona hilo kila siku kazini: kijana ndevu zimeota, laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mamake, nikimwomba kitambulisho anitolee karatasi ya kungojea iliyokunjwa mpaka imechanika. Karatasi ile haimwandikishi mtu kura. Na Pwani, ukiwa na jina la Kiarabu au la Kibajuni, wajua maswali utakayoulizwa. Februari 2025 Rais alitangaza kule Wajir kwamba kupigwa msasa kwa wanaoomba kitambulisho kumekwisha. Vizuri. Nangoja kuona vitambulisho vyenyewe.

Tume nayo ilikaa zaidi ya miaka miwili bila makamishna, mpaka mwenyekiti Ethekon na wenzake walipoapishwa Julai 2025. Muda huo wote hakukuwa na mwenyekiti wala kamishna wa kuulizwa lolote.

Utabiri wangu, kwa wanaoutaka: upinzani ukishindwa kukubaliana jina moja, Ruto ataongoza lakini hatavuka nusu kwa urahisi. Robo ya kura katika kaunti 24 ataipata, hilo halinisumbui. Nusu na moja ndiyo mtihani, na chini ya katiba ya 2010 hatujawahi kwenda duru ya pili ya urais. Itabidi irudiwe ndani ya siku thelathini, wawili tu karatasini, na mimi nitakuwa ajenti tena iwapo watanilipa, maana yule wa udiwani bado hajanilipa.