Nilivyoidhibiti thumni ya inchi kwenye cherehani

Gauni la vipande sita lina mishono sita, na kila mshono unakula kitambaa pande mbili. Ukizidisha thumni ya inchi tu, yaani sehemu moja ya nane, kila upande, umezidisha mara kumi na mbili: inchi moja na nusu imepotea kiunoni, na zipu haifungi. Nilipiga hesabu hiyo nilipoombwa magauni ya harusi hapa Langoni, Lamu. Mpaka hapo kazi yangu ilikuwa madera na kanzu, nguo pana ambazo hata ukikadiria kwa wanda mtu anavaa na kushukuru.

Nilianza na futi. Kati ya namba na namba mna nafasi nane: mstari mrefu wa katikati ni nusu, wenye kufuatia kwa urefu ni robo, vile vifupi ni thumni. Fundi mmoja mzee, jirani yangu, alitazama daftari langu la vipimo akasema, "Mwanangu, umeandika 'ishirini na sita na kidogo'. Kidogo cha nani?" Yeye huandika 26 na vijiti vitatu juu yake, yaani inchi ishirini na sita na thumni tatu. Nikaufuata mtindo wake tangu siku hiyo. Akanishauri pia niilinganishe futi yangu ya plastiki na rula ya chuma, maana futi iliyovutwa miaka mingi hurefuka. Yangu ilikuwa imerefuka, nikanunua nyingine.

Chaki nayo ina unene wake. Ikiwa butu, mstari wake peke yake unakaribia thumni, na ukikata leo kwa ndani kesho kwa nje, vipande havilingani. Sasa naichonga kwa wembe na nakata ndani ya mstari siku zote. Kitambaa kikiwa kimekunjwa ndiyo hatari zaidi, kwani thumni ya kwenye mkunjo ikifunuliwa ni robo.

Lakini kilichonisaidia kuliko vyote ni jaribio la vitambaa vitatu. Kata vipande vitatu vyembamba, kila kimoja upana wa inchi moja na nusu kamili. Viunganishe ubavu kwa ubavu kwa mshono wa robo inchi, piga pasi, kisha pima kile cha katikati. Kinatakiwa kiwe inchi moja barabara, kwa sababu kimeliwa robo kila upande. Changu kilikuwa na upungufu wa thumni moja, maana yake kila mshono ulikuwa ukizidi nusu ya thumni. Nikabandika utepe wa karatasi kwenye bamba la chuma chini ya sindano, nikausogeza unywele kwa unywele, nikashona tena mpaka inchi ikatimia. Utepe huo bado uko pale, na kila nikibadilisha sindano au aina ya kitambaa narudia jaribio.

Mteja mmoja aliniletea vipimo vya sentimita. Inchi ni milimita 25.4 kamili, kama nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza na Marekani, zilivyokubaliana mwaka 1959. Kwa hiyo thumni ni milimita 3.175. Ukisema "tatu basi", katika mishono sita yenye pande mbili mbili umeacha milimita mbili na zaidi. Mimi hugeuza vipimo vyote mara moja, mwanzoni, na sichanganyi tena njiani.

Vifungo vina kipimo chao kidogo zaidi, inchi moja ikigawanywa mara arubaini. Kifungo namba 18, cha shati, kina upana wa milimita kumi na moja na nusu hivi. Tundu lake nalikata kwa upana huo pamoja na unene wa kifungo chenyewe.

Magauni ya harusi niliyapima upya baada ya kushona. La kiuno cha 28 lilitoka 28 na kijiti kimoja. Nililiacha hivyo, maana bibi harusi naye anahitaji kula pilau.