Dola 510 kwa kutu ya betri

Niko likizo nyumbani Kibosho, na jana asubuhi nikiwa nimesimama kwenye msingi wa nyumba ninayojenga, bili ikaingia kwenye simu. Dola 510, kutoka gereji ya Texas nilikoacha trela langu la kuishi. Bei ya saruji Moshi mnaijua, pigeni hesabu wenyewe.

Kwa wageni hapa: mimi ni nesi wa mikataba. Wiki 13 hospitali hii, wiki 13 jimbo jingine. Kupanga nyumba kwa miezi mitatu mitatu kulikuwa kunamaliza mshahara, ndiyo maana nikanunua trela, nalivuta kwa pikapu. Ukifika kambini lazima uliweke sawa kwanza. Si suala la kulala vizuri tu. Friji yangu ni ya gesi, yenye amonia inayoteremka yenyewe kwenye mabomba. Trela likikaa limeinama, amonia inatuama, bomba la nyuma linapata moto kupita kiasi, na friji ndiyo basi tena.

Trela langu hujisawazisha lenyewe. Unabonyeza kitufe, sensa zinapima, jeki za umeme zinashuka, baada ya dakika chache umemaliza. Na ukitoka zamu ya usiku yenye urefu wa saa 12 huku mvua inanyesha, kitufe kile ni baraka, siwezi kukikana. Lakini mwezi uliopita kikagoma. Taa nyekundu, umeme mdogo. Gereji wamefanya nini? Ukaguzi dola 180. Kazi saa 2, kila saa dola 165. Hakuna kifaa hata kimoja kilichobadilishwa! Kichwa cha betri kilikuwa kimeota kutu, volti hazifiki. Wakasugua, wakaufundisha mfumo upya usawa wake. Fundi umeme wa magari pale Majengo angemwagia maji ya moto, akapiga brashi, ukampa hela ya soda.

Jana hiyohiyo pale msingini, baba mdogo alikuwa anapima usawa kwa mpira wake wa maji, ule unaoonyesha ndani. Ncha moja kanishikisha kwenye kigingi cha juu, nyingine kateremka nayo hadi migombani. Akaona kipovu cha hewa katikati, akautikisa mpira mpaka kikatoka. "Usizibe na kidole, mama, acha yapumue." Tukasubiri maji yatulie pande zote mbili, akachora alama kwa penseli. Huku kwetu ni mteremko mtupu, na nyumba zimesimama wima kwa mpira huohuo.

Nilipomsomea bili aliuliza neno moja: "Kwani pima maji hawana?"

Wanayo, baba, na ndicho kinachoniuma. Siku kitufe kilipogoma, jirani yangu kambini, mzee wa Kimarekani, alinionyesha kila kitu bure, magoti yake yakiwa kwenye tope. Unaanza kulia na kushoto: weka pima maji sakafuni, kisha pandisha tairi za upande ulioshuka juu ya mbao, kabla hujalitenganisha na gari. Zuia tairi kwa kabari, ndipo uachanishe. Halafu jeki ya mbele, kusawazisha mbele na nyuma. Zile jeki za kwenye kona za trela la kawaida ni za kuzuia mtikisiko tu. Ukizinyanyulia trela, unapinda chasisi. Kwa robo saa tulikuwa tumemaliza.

Wadogo zangu wauguzi mnaoniuliza jinsi ya kuja: fanyeni kwanza NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, trela litasubiri. Na mkifikia kununua, chukueni la jeki za mkono, hata kama muuzaji atawasifia kitufe asubuhi hadi jioni. Hilo mtalitengeneza wenyewe usiku, porini, bila kumpigia mtu simu.

Nimewaandikia gereji waniondolee saa moja, maana kusugua kutu hakuchukui saa mbili. Hawajajibu.