Chaja mbadala ya redio ya upepo: ninavyoichagua hapa Mwanza

Chaja ya mezani ya redio ya upepo, ile ya mkononi ya kuongea kwa kupokezana, ni vitu viwili: adapta inayochomekwa ukutani, na kitako ambamo redio husimamishwa. Adapta kazi yake ni kushusha umeme wa 230V na kuugeuza kuwa wa DC, yaani wa mkondo mmoja, basi. Kuijaza betri kwa kipimo na kuacha ikishajaa ni kazi ya saketi iliyomo kwenye kitako. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela napima kwanza ni kipi kilichokufa. Nachomeka adapta peke yake, naweka mita ya kupimia umeme kwenye volti za DC, ncha nyekundu ndani ya tundu la plagi, nyeusi kwenye ganda la nje. Ikisoma sifuri, adapta imekwisha. Ikisoma namba inayokaribiana na ile iliyoandikwa, naangalia kitako. Kwa redio zinazoshinda mtumbwini, mara nyingi ni vile vibati vya kugusia vilivyoshika kutu na ukoko wa dagaa. Pamba na spiriti vinamaliza kazi.

Baofeng UV-5R ndiyo iliyojaa mikononi mwa watu, basi niitumie hiyo. Kitako chake kimeandikwa chini: kuingia 10V, 500mA, kutoka 8.4V, 400mA. Betri ni ya lithiamu, 7.4V, yaani seli mbili zilizofuatana, na kila seli hujaa ikifika 4.2V. Ndugu yake BF-888S ana seli moja tu, 3.7V. Machinga akikuambia "hii chaja ya Baofeng", muulize ya Baofeng ipi.

Volti za adapta mpya ziwe sawa na zilizoandikwa kwenye kitako. Ampia zikizidi hakuna neno, kwa sababu kitako huvuta kinachohitaji. Zikipungua, adapta huchemka. Angalia pia ule mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa: chanya katikati au nje, lazima ufanane na wa zamani. Adapta ya king'amuzi ndiyo inayoponza wengi. Hiyo ni 12V, na mtu akishapata plagi inayoingia huona mambo yameisha. Kama kitako kinapunguza volti kwa kuzigeuza joto, kwa adapta ya 10V kinatupa kama wati 0.64, kwa 12V zinakuwa 1.44, zaidi ya mara mbili, ndani ya kiplastiki kisicho na tundu la hewa.

Plagi nazo zina ujanja wao. Zenye unene wa milimita 5.5 ziko za aina mbili, tundu la 2.1 na la 2.5. Ya 2.5 ikivalishwa kwenye pini ya 2.1 inaingia vizuri kabisa, halafu inagusa na kuachia, taa ya chaja inacheza usiku kucha na asubuhi betri haijajaa.

Maandishi ya kwenye adapta siyaamini mpaka niipe mzigo. Nachukua balbu ya gari ya 12V, wati 5, naiunganisha na adapta ya 10V. Inavuta karibu 0.4A, sawa na kitako kikiwa kazini. Mita ikibaki karibu na 10V kwa dakika kumi na adapta ikawa vuguvugu tu, nanunua. Ikishuka hadi 7V, hiyo 500mA ni ya kwenye karatasi. Adapta nzito ya kizamani yenye transfoma inaweza kusoma volti nyingi mno bila mzigo, kwa hiyo usiihukumu kabla ya balbu. Nachagua pia yenye pini tatu za bapa. Ya pini mbili za duara itadai kiunganishi, nacho hulegea na kupiga cheche.

Kuifungua adapta kukagua ndani sikushauri. Kapasita yake inaweza kubaki na kama 325V hata baada ya kuchomoa.

Chaji ya kwanza nakaa nayo karibu. Betri ya 1800mAh huchukua saa tano hivi. Taa ikigeuka kijani, napima betri: 8.3V hadi 8.4V ni sawa. Ikipita 8.5V, kitako hicho hakifai, hata kama ni kipya. Na waya zisigusishwe kwenye betri moja kwa moja kutoka adapta, kwa kuwa hapo hakuna cha kuzuia isijae kupita kiasi.

Kwa wa Ukerewe na visiwani wanaotumia sola, inveta (kigeuza umeme wa betri kuwa wa 230V) ya bei ndogo huzichosha adapta. Afadhali kipunguza volti chenye chipu ya LM2596. Betri ya sola ya 12V ikiwa inachajiwa hufika 14.4V, lakini kifaa hicho hutoa 10V ileile. Fungia fyuzi ya 1A karibu na ncha chanya ya betri, zungusha skrubu ya kipunguza volti mpaka mita isome 10.0V, tia tone la rangi ya kucha isisogee kwa mtikisiko wa boti, ndipo uchomeke kitako.