MiG Juu ya Mnazi

Baba mkubwa hakuwa mtu wa kusifia. Aliikuta ile ndege juu ya meza, nyumbani kwake Temeke, akaigeuza chali na kuchungulia chini ya pua. Upande wa kulia mzinga mmoja mnene, kushoto miwili myembamba. "Thelathini na saba. Ishirini na tatu. Ishirini na tatu," akazitaja milimita zake polepole. Akairudisha vizuri, akapitisha kidole juu ya bawa kutoka ubavuni hadi nchani, kisha akaniangalia.

"Vizuizi viko wapi?"

Hiyo ilikuwa Januari 2014. Ndege yenyewe ilikuwa mfano wa MiG-17, ndege ya kivita ya jeti, wa kurushwa kwa rimoti, kipimo cha moja kwa kumi: ya kweli mabawa yake ni mita 9.63 toka ncha hadi ncha, yangu ilikuwa sentimita 96. Niliichonga kwa lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya ndani ya boksi. Wenye maduka Kariakoo walikuwa wanalitupa, wakashangaa kuniona naliomba. Mota yenye feni ya milimita 70, sevo (vimota vya kugeuza usukani), risiva ya kupokea amri za rimoti na betri za lithiamu aliniletea dada mmoja anayefuata mzigo Guangzhou. Wapo wanaonunua ndege iliyokamilika, wanachomeka mabawa na kurusha. Sina ugomvi nao, ila sijui wanapata raha gani.

Baba mkubwa alikuwa fundi wa ndege jeshini, na hizo MiG alizishika kwa mikono yake kwenye kambi ya ndege za jeshi ya Ngerengere, zile zilizotoka China. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimkuta kazini. Watoto wa mtaani walikuwa na swali lao moja kwa kila mzee aliyepita jeshini, "Babu, uliua wangapi?", naye alikuwa akiwajibu vilevile kila mara: "Mimi nilikuwa nafunga nati." Hadithi ya vita hukuipata kwake. Lakini mguse kwenye mashine, hapo hata chai ingepoa.

Vizuizi alivyoviulizia ni vile vibao vyembamba vinavyosimama juu ya bawa, kutoka mbele kwenda nyuma, vitatu kila upande. Bawa la MiG limelala sana kuelekea mkiani, na kwenye bawa la namna hiyo upepo haukubali kwenda moja kwa moja nyuma. Unateleza kuelekea nchani. Ndege ikipunguza mwendo au ikikata kona kali, ncha ndiyo inayotangulia kupoteza nguvu ya kubeba, bawa linadondoka na ndege inajipindua. Vile vibao vinauzuia upepo usiteleze. Nikamwambia kwenye kamfano kadogo hivi watu wengi huvichukulia kama pambo tu.

"Pambo," akasema. Akaingia chumbani.

Alirudi na mkasi na zile kadi za plastiki zinazobaki ukishabandua laini ya simu. Akakata vibao sita, kila kimoja akikifuatisha mgongo wa bawa kwa jicho tu, bila rula. Nilimwahi alipotaka kutumia supa gluu, maana ile inalila povu hili jeupe kama asidi, ungebaki na shimo. Tukatumia gundi nyeupe ya maseremala, tukaviacha vikauke usiku kucha. Hilo la gundi hakulijua, na nadhani lilimuudhi kidogo.

Jumapili alfajiri tukavuka Magogoni: yeye, mimi, na kitinda mimba wake ambaye ndiye angenirushia. Daraja la Kigamboni lilikuwa bado halijafunguliwa. Ndege nilikuwa nimeifunga kwa khanga mbili, mkia ukachomoza. Mlinzi wa kivukoni akauliza tumebeba nini. Baba mkubwa, uso mkavu, akajibu, "Ndege ya jeshi." Nikamkanyaga mguu. Bahati yetu mlinzi alicheka, akataka kuiona, na nyuma yake foleni nzima ikataka kuiona. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akauliza inabeba abiria wangapi. Siku hizi nisingethubutu utani ule. Tangu droni zijae, kurusha ndege isiyo na rubani kunataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata ukiwa nacho maswali hayaishi.

Gezaulole tulikuta kiwanja cha mpira kitupu, minazi upande wa baharini, kaskazi bado haijaamka vizuri. Nilijaribu usukani wa mkia, kisha wa mabawa, baba mkubwa akitazama kila kipande kinavyocheza. Nikaizungusha feni hadi mwisho, mdogo wangu akakimbia hatua chache kuelekea kwenye upepo, akaisukuma.

Ilizama kidogo, nusu ya urefu wa mtu, halafu ikashika hewa.

Ndege ya feni hailii kama ya propela. Ina mluzi mwembamba unaopanda kadiri inavyokukaribia. Watoto walitokea wasikojulikana. Niliipeleka hadi juu ya minazi, nikaigeuza, nikaipitisha mbele yetu, kisha nikakata kona kali kuliko nilivyowahi kuthubutu. Bawa la ndani halikudondoka. Baba mkubwa hakusema neno, alinigonga tu begani kwa kidole kimoja.

Betri ya seli nne, miliampea-saa 2200, ukiwa unaibana vile inakupa dakika tatu na ushee. Rimoti ilipolia, nikaanza kuishusha.

"Pitisha mara moja tena," akasema mzee. "Chini kidogo."

Baba yako mkubwa, fundi wa MiG, anakuomba. Nikapitisha. Ikavuka kiwanja chini kabisa, nzuri mno, ikatoka upande wa bahari, na nilipoanza kuigeuza mluzi ukakatika. Kifaa kinachoilinda betri huizima mota chaji ikipungua mno, kinabakiza umeme wa kuongozea tu. Kwa hiyo nilikuwa na usukani, ila sina nguvu, na MiG bila nguvu si mwewe. Iliingia kwenye kilele cha mnazi, ikakaa humo kati ya makuti, pua juu.

Watoto wakaenda kumwita mkwezi. Alikuja bila haraka, akautazama mnazi, akatutazama sisi.

"Nazi najua bei yake. Hii sijui."

"Piga hesabu ya nazi kumi," akasema baba mkubwa.

"Nazi haziniumi, mzee. Ile ina feni."

Wakakubaliana shilingi 5,000 baada ya mabishano marefu ambayo wote wawili waliyafurahia. Nikamwambia asiguse feni, nami rimoti sikuizima, kwa sababu ukiizima kabla ya ndege, mota inaweza kupokea amri usiyoijua. Akapanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina. Kutoka juu akauliza, "Niiangushe?" na kiwanja kizima kikapiga kelele asiangushe. Akaishusha kwa kamba, taratibu, mkia mbele.

Pua ilikuwa imebonyea. Baba mkubwa alihesabu vizuizi, akakuta vitano, akaenda mwenyewe chini ya mnazi kupekua majani akitafuta cha sita. Mkwezi alizikunja noti zake, akanivuta pembeni.

"Jumapili ijayo mnarusha tena?"

Nikamwambia huenda.

"Basi nipigie mapema," akasema, akanitajia namba yake. "Nisije nikachukua kazi ya mtu mwingine."