Siku moja maishani mwangu: pono wa vioo

Saa 12:00 asubuhi

Chai ya rangi mkononi, natoka baraza ya nyuma, ambayo ndiyo karakana yangu. Meza ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya stendi mbili za chuma. Juu ya mlango amelala pono, samaki wa mozaiki, yaani picha ya vipande vya kioo vilivyopangwa na kubandikwa kimoja kimoja, kutoka mdomo hadi mkia karibu mita moja na nusu, bado hana shavu wala mapezi ya tumboni. Ataishia kwenye ukuta wa baraza ya nyumba ya wageni kule Bagamoyo.

Saa hii siyo ya kukata wala kupanga. Jua likiwa bado chini, mwanga unapita juu ya kazi kwa ubavu, na kila kipande kilichoinuka kuliko wenzake kinatupa kivuli. Nalaza rula, nainama, naweka alama ya chaki pembeni ya vile vya kung'oa. Saa tano jua likiwa kichwani kila kitu kitaonekana sawasawa, hata kisicho sawa.

Saa 1:00 asubuhi

Beseni la chupa. Zimelala usiku kucha kwenye maji ya moto yenye magadi, na lebo zinatoka zenyewe. Gundi inayobaki nasugua kwa mafuta ya kula, kisha sabuni. Ni kazi isiyo na utukufu wowote, ila kipande chenye mabaki ya gundi ya lebo hakishiki kwenye simenti, na kikibanduka ukutani baada ya mwaka hakuna atakayelaumu lebo.

Kijana anayeniletea chupa anagonga geti.

"Shikamoo, mama. Leo nimepata za bluu."

"Marahaba. Ngapi?"

"Mbili."

Nanunua zote mbili bila kubishana bei, maana anajua na mimi najua. Chupa za kijani na za kahawia zimejaa mjini. Ukahawia unatokana na chuma na salfa iliyochanganywa kwenye kioo, na viwanda vya bia vinaupenda kwa sababu unaikinga bia na mwanga. Bluu iliyoiva inataka kobalti, na wanaoweka kinywaji kwenye kobalti ni wachache. Pono mwenyewe ni wa bluu na kijani cha bahari, kwa hiyo sehemu kubwa ya bluu yake nimeichukua kwenye mabaki ya vigae vya kioo vya mabwawa ya kuogelea, vile vidogo vya sentimita mbili kwa mbili. Chupa mbili za leo zitakuwa nyusi na ukingo wa pezi la mgongo, basi.

Watu huniuliza kwa nini siyeyushi chupa nikapata rangi ninazotaka. Tanuri la kuyeyushia kioo linataka joto la zaidi ya nyuzi 1,000 na linataka kulishwa mchana na usiku. Wapo wanaofanya hivyo: Kitengela Glass kule kusini mwa Nairobi, iliyoanzishwa na Nani Croze, na Shanga pale Arusha. Mimi nina jiko la gesi la mafiga mawili.

Saa 2:30 asubuhi

Kukata. Miwani ya kazi, barakoa, viatu vilivyofunika vidole. Mpwa wangu yuko likizo ya chuo, amekuja kujifunza, na sheria ya kwanza niliyompa ni kwamba hapa haji mtu na kandambili.

Kioo hakikatwi. Kinakwaruzwa, kisha kinavunjwa pale kilipokwaruzwa. Kalamu ya kukatia ina kigurudumu cha chuma kigumu nchani. Unakichovya kwenye mafuta ya taa, unavuta mstari mara moja, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa mkazo uleule. Mara moja tu. Ukirudia juu ya mstari huohuo unaua kigurudumu na ufa unapotea njia. Kisha unashika pande zote mbili za mstari na kukunja kwenda chini, kinaachana.

"Mama mdogo, wangu unakimbilia pembeni."

Namwonyesha. Alikuwa anamega utepe wa sentimita moja kutoka kwenye kioo cha upana wa nane. Ufa hupenda upande mwembamba, kwa hiyo unaunyima nafasi ya kuchagua: nane gawa kati upate nne, nne upate mbili, mbili upate moja. Kila mara pande zote zikiwa sawa, ufa unanyooka. Baada ya hapo tepe zinaingia kwenye koleo la magurudumu mawili, lile linalong'ata kioo juu na chini, na unatoa vipande. Pembetatu na mapande ya duara vinatoka humohumo, kwa kung'ata kidogokidogo.

Chupa ni habari nyingine. Naizungushia mkwaruzo chini ya shingo na juu ya kitako, namwagia maji ya moto, halafu ya baridi, inaachia. Bomba lililobaki nalifunga kwenye gunia na kulipiga nyundo. Vipande vinatoka na mgongo, havilali bapa, na wengi wanaoanza kazi hii huvitupa kwa sababu hiyo. Mimi navikata visizidi sentimita moja na nusu na kuweka mgongo juu. Magamba ya pono wangu yote ni migongo ya chupa za kijani. Jua likihama, mng'aro unahama nao kutoka gamba hadi gamba, jambo ambalo kigae bapa hakiwezi kukupa.

Kimoja hatukati: kioo kilichoimarishwa kwa joto, kama cha madirisha ya ubavuni ya magari. Ukikikwaruza na kukivunja kinalipuka chembechembe kizima. Ila zile chembe zenyewe ni mali. Daladala likivunjwa dirisha barabarani, kuna watu wananipigia simu.

Saa 4:30 asubuhi

Shavu la pono. Kwa mimi hapa ndipo siku inapoanza, yaliyotangulia yalikuwa maandalizi.

Mgeni akiangalia mozaiki anaona rangi. Fundi anaangalia mistari: vipande vimepangwa kuelekea wapi, na nafasi kati yao zinachora nini. Ni kama ususi. Kichwa ni kilekile, nywele ni zilezile, lakini twende kilioni inampa mtu sura moja na mistari ya kuzunguka inampa nyingine kabisa. Nikipanga shavu hili kwa safu zilizonyooka, hata kwa bluu nzuri kuliko zote, nitapata ukuta wa bafu wenye jicho. Kwa hiyo naanzia kwenye jicho na kwenda nje: safu ya kwanza inalizunguka, ya pili inaizunguka ya kwanza, mpaka duara linapokutana na mstari wa mdomo na kulazimika kupinda. Pale yanapokutana ndipo penye shughuli. Vipande vinakuwa kabari, vingine vyembamba kama milimita nne, na kila kimoja kinakatwa kwa ajili ya tundu lake peke yake.

Nafasi naziacha za milimita mbili. Zikizidi, macho yanaanza kuona wavu badala ya samaki.

Juu ya shavu, pale pono anapokuwa na mng'ao wa dhahabu, nimeweka vigae vichache vyenye uso wa dhahabu, na kila kimoja nakiinamisha kidogo kuelekea chini. Mafundi wa Qubbat al-Sakhra, Kuba ya Mwamba kule Jerusalem, mwaka 72 wa Hijria, waliinamisha vipande vyao vya dhahabu hivyohivyo ili mwanga umwangukie aliyesimama sakafuni. Wageni wa Bagamoyo watakuwa wamekaa kwenye viti, macho yao chini zaidi, kwa hiyo mwinamo wangu ni mkubwa kidogo.

Kwa masaa mawili na nusu nimepata shavu lisilozidi kiganja cha mtu mzima.

Saa 7:00 mchana

Wali, maharage, mchicha. Umeme umekatika, lakini leo sihitaji mashine ya kusaga kingo.

Saa 8:30 mchana

Mwenye nyumba ya wageni amepita akitokea Kariakoo, anataka kumwona samaki wake.

"Shikamoo, mama," namsalimia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona bado hujamaliza uso?"

Anamzunguka, anapiga picha, anafurahi. Halafu anasema anataka viungio, zile nafasi kati ya vipande, vijazwe kwa simenti nyeupe, kwa sababu nyeupe ni safi. Hili nilikuwa nalisubiri. Ninavyo vibao viwili vidogo, vipande vilevile, rangi zilezile, mpangilio uleule. Kimoja kimejazwa nyeupe, kingine kijivu cha kukolea. Naviegemeza ukutani na kumwomba arudi nyuma hatua kadhaa. Kwenye kibao cheupe bluu imefifia na mistari yote inapiga kelele. Kwenye cha kijivu kioo kimezama na rangi imesimama. Anatazama muda mrefu.

"Basi fanya unavyojua. Lakini akiwa mbaya, utakuja kumtoa mwenyewe."

Tukiwa tunamsubiri dereva wake, ananiuliza kama sanaa hii nimeisomea kwa Wazungu. Namwambia magofu ya Kunduchi hayako mbali na hapa, aende akaone makaburi ya nguzo ambayo wazee walipachika vyombo vya kauri vya China kwenye chokaa. Mambrui, kaskazini ya Malindi, kuna nguzo yenye mabakuli ya enzi za Ming. Siyo vioo, na havikukatwakatwa, lakini aliyeamua kwamba ukuta wa chokaa unahitaji kitu kinachong'aa alikuwa mtu wa pwani hii. Anasema yeye makaburini haendi kutalii.

Saa 10:00 jioni

Kujaza viungio vya fremu ya kioo cha kujitazamia, kazi nyingine iliyokauka tangu juzi. Hii ninaipenda kwa ujanja wake. Kwenye plaiwudi nimebandika kipande cha kanga chakavu, nikakipaka gundi nyeupe tabaka mbili ili kisinywe maji, kisha juu yake vipande vya kioo angavu, mabaki ya fundi wa madirisha ya alumini. Kioo angavu hakina rangi yake, kinaonyesha kilichoko nyuma, na hapa nyuma kuna korosho nyekundu na nyeusi za kanga. Pembezoni nimezungusha chembe za dirisha la daladala.

Simenti ya viungio nachanganya na oksaidi nyeusi, ileile ya sakafu, mpaka ukiinamisha mwiko isimwagike. Isiwe ya mchanga: inachora kioo. Naisukuma kwa mpira, kwa mshazari, ili nisiichote tena kutoka kwenye nafasi nilizozijaza. Kwa nusu saa kazi nzima inakuwa tope jeusi na kila anayepita anadhani nimeiharibu. Halafu sponji yenye unyevu mdogo, halafu subira, halafu gazeti kavu kufuta ukungu unaobaki juu ya kioo. Maji mengi hapa ni adui, yanafyonza rangi ya oksaidi na viungio vinabaki na mabaka. Msimu wa masika huwa nachelewesha hatua hii hata siku nzima, unyevu wa hewa hauniachii.

Saa 12:30 jioni

Kufagia. Siyo kwa ufagio mkavu: vumbi la kioo halitakiwi kurushwa hewani. Namwagia maji, nakusanya kwa kitambaa, chembe zinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko. Mpwa anapitisha tochi sakafuni akiwa amechuchumaa, maana chembe iliyofichika humeta kwa mwanga wa pembeni. Anaokota tatu, anazihesabu kwa sauti kama ushahidi.

Saa 3:00 usiku

Ujumbe kwenye simu, mtu ameona picha ya pono. Anauliza bei ya mita moja ya mraba. Namtajia. Anajibu kwamba kwa hela hiyo angepiga vigae nyumba nzima.

Namwandikia bila hasira, nimeshazoea. Vipande vya sentimita moja, na nafasi ya milimita mbili, mita moja ya mraba inakula karibu 7,000. Kila kimoja kimekwaruzwa, kimevunjwa, kimeng'atwa, kimejaribiwa, na baadhi vimerudishwa kwenye koleo mara ya pili. Fundi wa vigae anaweka vichache tu kwenye mita hiyohiyo, na vimetoka kiwandani vikiwa sawa.

Kimya kidogo. Kisha: "Na ukinitengenezea samaki mdogo, nusu yake, si itakuwa nusu bei?"

Namweleza kwamba samaki akipungua, vipande navyo vinapungua ukubwa, idadi inabaki ileile, na jicho lililonichukua asubuhi moja litanichukua asubuhi mbili.

Anaandika. Anaacha. Anaandika tena. "Na asiye na jicho?"