Bwana Brown

Mama mkwe wangu alikuwa na adui mmoja tu duniani, naye alikwishafia mbali kabla hata yeye hajazaliwa. Jina lake Brown. Ndiye aliyemshitaki babu wa babu yake kwa wizi wa kondoo mmoja, babu akakatiwa miaka 10 na kupakiwa merikebuni kutoka Uingereza hadi Van Diemen's Land, kisiwa cha Australia ambacho mwaka 1856 kiligeuzwa jina kikawa Tasmania. Kwa miaka minne Mama alimsaka Brown huyo kwenye sensa na vitabu vya ubatizo vya kijiji alikotoka babu. Akina Brown aliwapata tele. William Brown mwenye kondoo, hata harufu yake hakuisikia.

Mimi niliingia kwenye mkasa huu kwa njia ya ndoa. Nimezaliwa Tanga, nikaolewa Hobart, mji mkuu wa Tasmania. Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya Julai, theluji imeukalia mlima juu ya mji, mume wangu yuko jikoni anaunguza vitunguu. Mama akaingia na bahasha yake, akanitandazia mezani karatasi kubwa aliyochapisha kutoka hifadhi ya nyaraka, ukurasa wa babu katika daftari la wafungwa. “Wewe una macho mazuri,” akasema. “Hebu nisomee hapa chini, makosa yake ya huku.”

Zamani mambo haya hayakutajwa mezani. Bibi yake Mama alishikilia kwamba ukoo wao ulihamia kwa hiari. Baadaye wakalegea kidogo, wakakubali kwamba babu aliiba mkate. Nimekaa Tasmania muda wa kutosha kujua kwamba kila ukoo una mkate wake. Wafungwa zaidi ya 70,000 waliletwa kisiwani hadi mwaka 1853, na ukiwasikiliza vitukuu wao utadhani wote walikamatwa kwenye duka moja la mwoka mikate. Daftari lilisema kondoo, tena kondoo si jambo dogo: kabla ya 1832 wangeweza kumnyonga.

Mfungwa akifika Hobart alihojiwa, na karani akaandika kila kitu kana kwamba anapokea ng'ombe mnadani. Urefu bila viatu: futi 5 na inchi 4. Rangi ya nywele, nyusi, umbo la pua, kidevu. Alama za mwilini: kovu kwenye goti na herufi W H zilizochanjwa kwa wino mkono wa kushoto, kando yake moyo. Jina la ukoo wao linaanza na H, kwa hiyo Mama alikwishaamua kwamba W ni mpenzi wake, Winifred. Winifred naye hakuwahi kupatikana popote.

Makosa ya huku yalikuwa yamebanwa pembeni, yamefupishwa na kufupishwa tena, mistari imepandana. Nilisoma kutoroka kazini, nikasoma siku 7 za kifungo cha upweke. Kisha jicho likapanda juu, penye maelezo ya kosa, nikaliona neno la adui yetu. Halikunikaa sawa.

Hapa lazima nimtaje bibi yangu wa Tanga. Alikuwa na kasha la barua za marehemu babu, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na utotoni alinikalisha mkekani nizisome. Katika barua zile herufi ya ba ilibeba b, p na mb zote pamoja. “Bata” na “pata” zilivaa kanzu moja. Nilipokuwa nikikwama na kubahatisha, bibi alinipiga kikofi cha goti. “Usikisie, mwanangu. Tafuta pengine alipoliandika neno hilohilo. Ujue mkono wake kwanza.”

Basi nikatafuta. Na karani yule, Mungu amrehemu, alikuwa ameandika neno “brown” mara mbili kwenye ukurasa uleule, kwa sababu nywele za babu zilikuwa za kahawia, na nyusi pia. W yake ilikuwa pana, imeinama kama mtumbwi unaoingia maji. N ilimalizia kwa mkia mrefu. Nikaweka kidole kwenye nywele, kidole kingine kwenye mshitaki. W haikuwepo. N haikuwepo. Palikuwa na B, r, o, na juu yake kiherufi kidogo kilichonyanyuliwa, na kijistari chini yake. Makarani wa zama zile walifupisha hivyo: herufi za mwanzo, kisha ya mwisho wanaipandisha juu. Wm, lililofuata, ni William.

“Mama,” nikasema, “hii si Brown. Ni Bror. Ni brother.”

Kaka yake William. Kondoo alikuwa wa kaka yake.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena. Alilinganisha maneno matatu yale kwa ncha ya penseli, kwenda na kurudi, muda mrefu hata mume wangu akachungulia kuuliza kuna nini. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajikuta nasema kwa Kiswahili, ikabidi nimtafsirie. Hakujibu. Penseli yake ilikuwa imekwishashuka kwenye alama za mwilini, kwenye W H.

Sina wa kuniapia kwamba ile W ni ya huyo William. Wengi walichanjwa gerezani au melini, ndani ya ile miezi mitatu au minne ya safari. Lakini kama alichanjwa melini, basi alikwishajua nani kampeleka huko, na bado akautoa mkono lile jina lichorwe, na moyo kando yake. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi usiku ule, kuliko kondoo.

Mama alichomoa kutoka kwenye bahasha mafungu ya akina Brown, miaka minne ya kazi, akayaweka sakafuni karibu na kikapu cha kuni. Halafu akakunjua mchoro wa ukoo, akamfuta Winifred kwa kifutio. Pembeni mwa jina la babu akapiga mstari mfupi kwenda kulia, mkono ukitetemeka kidogo.

“Itabidi naye aingie,” akasema. “Sijui kama alikuwa na watoto.”