Rio de Janeiro, nilikoenda kujifunza choro

Nilitoka Dar kupitia Addis Ababa mpaka São Paulo, halafu nikachukua basi la Rio, masaa kama sita hivi, pandeiro nimelipakata njia nzima maana kwenye buti sikuthubutu. Pandeiro ni ndugu kabisa wa rika yetu ya taarabu, ngozi imewambwa kwenye duara la mbao na visahani pembeni, na mimi rika nimeipiga tangu kijana, ndo maana siku niliyosikia choro, muziki wa ala wa Brazili, kwa mara ya kwanza sikio lilikimbilia pale pale na sikutulia tena.

Choro ilizaliwa Rio yenyewe, miaka ya 1870. Polka, muziki wa dansi, ilikuwa imeingia toka Ulaya 1845, ikapendwa vibaya mno, wapigaji wa mjini wakaichukua na kuipinda kwa mapigo yenye asili ya Afrika, fluti mbele, cavaquinho, yani kigita kidogo cha nyuzi nne, na gita nyuma. Joaquim Callado ndo alikuwa bingwa wa fluti enzi hizo, na kwenye piano alikuwepo Chiquinha Gonzaga, mwanamke aliyeishi kwa muziki wake wakati jamii ilimtaka akae ndani. Baadaye akaja Pixinguinha, mtunzi na mpiga fluti, na tarehe 23 Aprili Brazili nzima inasherehekea siku ya choro kwa heshima yake.

Jumamosi nikaenda Urca, chini ya ule mlima wa Pão de Açúcar, kwenye Escola Portátil de Música, shule iliyoanzishwa mwaka 2000 na wanamuziki wenyewe, wakiwemo Luciana Rabello na Maurício Carrilho. Kila chombo kina darasa lake, halafu wote mnatoka nje kupiga pamoja, wazee kwa watoto, mafluti kundi hili, macavaquinho kundi lile, yani ni umati wa watu unapiga wimbo mmoja na bado unasikia kila sauti.

Mwalimu wangu alianza na mkono wa kushoto, huo ndo unageuza pandeiro, na wa kulia unagonga kwa zamu, kidole gumba, ncha za vidole, kitako cha kiganja, ncha tena. Kwenye rika nimezoea visahani viimbe, kule vinatakiwa vikavu na vifupi. "Mwanangu, piga polepole mpaka ulisikie gita," aliniambia, na gita analosema ni lile la nyuzi saba, uzi wa ziada ni wa besi. Lile gita halifuati tu, wimbo ukivuta pumzi lenyewe linaitikia kule chini kama mtu anayesema pakawa kwenye hadithi, na kidole gumba changu lazima kikutane nalo. Hapo ndo utamu wote wa choro ulipo kwa maoni yangu, sio kwenye kasi, ingawa kasi ndo inayowashtua wageni.

Na nyimbo nyingi zina sehemu tatu, ile ya kwanza inarudi baada ya kila nyingine, hakuna anayehesabu kwa sauti, watu wanaambizana kwa macho tu.

Jumapili asubuhi nikaenda uwanja wa Praça São Salvador, mtaa wa Laranjeiras. Wapigaji wanakaa duara wakitazamana, migongo kwa watu, kwa sababu wanapigiana wao kwa wao, na mgeni anakaa nyuma anasikiliza mpaka aitwe. Nilikaa nyuma muda mrefu tu, kwa raha zangu. Mama mmoja wa cavaquinho akanipisha kiti kwa nyusi, nikaingia sehemu ya pili ya wimbo, taratibu, na yule mzee wa nyuzi saba akainamisha kichwa upande wangu, akashuka na besi, gumba langu likamkuta pale pale.

Sasa hivi Dar tuko watatu, fluti, mandolini na mimi, tunakutana kila Jumamosi. Mwenye gita la nyuzi saba, au hata la nyuzi sita aliye tayari kujifunza, karibu sana.